Ukuta wa Ateri si Paipu ya Plastiki: Homoni na Safari ya Maji Ndani ya Mshipa

Makala hii ilianza kwa aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo niieleze aibu kwanza, kisha tuingie darasani.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari. Mjomba wangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Busia upande wa Uganda, aliambiwa ana presha akaanzishiwa vidonge vya amlodipini, miligramu 10 kwa siku. Baada ya wiki kadhaa akanipigia simu: "Mpwa wangu, miguu imevimba. Viatu haviingii. Hii dawa imeniharibu figo?" Mimi, bila kusita, nikamwambia ni maji yamezidi mwilini. Apunguze kunywa maji, na anunue dawa ya kukojosha. Akanunua. Usiku kucha akawa anaamka kwenda chooni, mchana kizunguzungu, na miguu ikabaki vilevile. Mwishowe akaacha dawa zote, ile ya kukojosha na ile ya presha. Alipopimwa mwezi uliofuata, presha ilikuwa 190 kwa 110.

Nilipomwambia mwenzangu mmoja wa darasa, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: "Amlodipini inalegeza ateri. Sasa ateri ikilegea, maji yanavuja kwenye ukuta wake, au yanatoka wapi?" Tulikaa na swali hilo baada ya Isha hadi mlinzi akaja kuzima taa za chumba cha kusomea. Yafuatayo ni yale niliyojifunza tangu usiku ule, kwa ajili ya wenzangu wa tiba, uuguzi na famasia, na pia wale wa uhandisi, ambao kwa kweli sehemu ya somo hili ni yao zaidi kuliko yetu.

Tuanze na kosa ambalo wengi tunalo kichwani. Tunapochora ateri ubaoni tunachora mistari miwili sambamba, damu katikati, basi. Ni kama paipu ya maji ya plastiki: kilichomo ndani kinabaki ndani hadi kifike mwisho wa paipu. Lakini ateri inafanana zaidi na mtungi wa udongo wa bibi zetu. Mtungi haujatoboka, lakini ukiupapasa nje utakuta umelowa. Maji yanapenya polepole kwenye udongo, yanafika nje, yanapaa na upepo, na ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi. Ukuta wa ateri nao hupitisha maji, kutoka upande wa damu kwenda upande wa nje, saa zote, kwa sababu ndani kuna shinikizo la wastani wa takriban milimita 100 za zebaki na nje hakuna karibu chochote. Milimita 100 za zebaki ni sawa na nguzo ya maji ya mita 1.36, yaani kimo cha mtoto wa miaka kumi hivi. Chukua mtungi, ujaze maji ya kimo hicho, halafu uniambie hautavuja hata kidogo.

Kiasi chenyewe ni kidogo sana. Katika aota ya sungura, ambayo ndiyo imepimwa mara nyingi zaidi maabarani, maji yanapita kwa mwendo wa sehemu chache za milioni za sentimita moja kwa sekunde. Nilipoikokotoa kwa siku nzima nilishangaa: kama ungeyakusanya maji yote yaliyovuka ukuta kwa saa 24 na kuyatandaza juu ya ukuta huohuo, tabaka lake lingekuwa na unene wa milimita moja hadi tatu. Maji hayo yakifika tabaka la nje huchukuliwa na mishipa ya limfu na vimishipa vidogo vinavyolisha ukuta wa ateri yenyewe. Hakuna uvimbe wowote unaotokana nayo.

Hapa nisimame kidogo. Katika kikundi chetu kuna ndugu ambaye kila mada akiisikia husema "hii iliandikwa na wanazuoni wetu zamani". Mara nyingi namkatalia. Safari hii alileta jina la Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damascus akafanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288. Katika sharhi yake juu ya anatomia ya Qanun ya Ibn Sina, aliyoiandika mwaka 1242, alikataa kauli ya Galen kwamba damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa kati. Alisema ukuta huo ni mzito, hauna tundu. Damu hupitia mapafuni. Kisha akatoa sababu kwa nini mshipa unaopeleka damu mapafuni una ukuta mnene wa matabaka mawili: ili kinachochujika kupitia ukuta huo kiwe kile kilicho laini tu, na mshipa unaopokea upande wa pili ni mwembamba ili upokee kwa urahisi.

Sasa, tuwe waadilifu. Ibn al-Nafis hakuzungumzia homoni, wala hakupima maji, na maelezo yake ya kilichochujwa si yale tunayoyajua leo. Kusema kwamba aligundua somo hili ni kumsingizia. Lakini wazo kwamba unene wa ukuta wa mshipa unaamua nini kipite na nini kisipite, hilo alikuwa nalo mkononi, na sharhi yake ikasahaulika hadi mwaka 1924, Muhyi al-Din al-Tatawi, tabibu wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipokuta nakala ya mkono katika maktaba ya Berlin. Nilimkubalia ndugu yetu nusu ya hoja yake. Hakufurahi.

Turudi kwenye ukuta. Wahandisi wanamjua Henry Darcy, ambaye mwaka 1856 huko Dijon, Ufaransa, alipitisha maji kwenye nguzo za mchanga na kuonyesha kwamba mtiririko huongezeka kadiri shinikizo linavyoongezeka na hupungua kadiri njia ya mchanga inavyorefuka. Ukuta wa ateri hufuata kanuni hiyohiyo, ila si mchanga wa aina moja. Kwa ndani kabisa kuna endotheliamu, safu moja tu ya seli, mahali pengi nyembamba chini ya mikromita moja. Nyuma yake kuna utando wa nyuzi za elastini wenye matundu. Halafu linakuja tabaka la kati, nene, lenye misuli laini, nyuzi, na aina ya jeli inayojaza nafasi kati ya seli. Mwisho kabisa ni tabaka la nje.

Mwaka 1984 Alain Tedgui na John Lever walichapisha vipimo vya aota ya sungura ikiwa na endotheliamu yake na ikiwa imekwanguliwa. Bila ile safu moja ya seli, maji yaliyopita yalikuwa takriban mara mbili. Fikiria maana yake: safu usiyoweza kuiona kwa macho inabeba karibu nusu ya kizuizi chote, na ukuta wote mnene unaobaki unabeba nusu nyingine.

Kwa hiyo homoni ikitaka kubadilisha safari ya maji ina milango miwili ya kugusa: safu ya seli mbele, na misuli nyuma. Kuna na mkono wa tatu, ambao ni kubadilisha shinikizo lenyewe linalosukuma. Kosa langu na kosa la vitabu vya mtihani ni kuuliza swali moja tu, "homoni hii inabana au inalegeza mshipa?", kana kwamba jibu la hilo ni jibu la maji pia. Sivyo. Homoni moja inaweza kufunga mlango wa mbele na wakati huohuo kuongeza msukumo.

Chukua noradrenalini. Inashika vipokezi vya alfa kwenye misuli laini, misuli inajikunja, mshipa unakuwa mwembamba. Ukuta wenye nyama ileile ukizunguka tundu dogo zaidi lazima uwe mnene zaidi. Kwa Darcy hiyo ni njia ndefu, na eneo la kupenyea limepungua, hivyo kwa shinikizo lilelile maji yanayopita yangepungua. Lakini ndani ya mwili shinikizo halibaki lilelile! Noradrenalini ikibana vijiateri vya mwili mzima, presha inapanda, na ateri kubwa zinasukumiwa maji kwa nguvu zaidi. Mabadiliko mawili yanavutana kamba. Na kuna la tatu: shinikizo kubwa hukandamiza tishu zilizo chini ya endotheliamu, vitundu vinabanwa, ndiyo maana kwenye aota ya sungura ukiongeza shinikizo maradufu maji hayaongezeki maradufu. Aliyewahi kukanyaga sponji iliyolowa anaelewa.

Adrenalini ni dada yake, lakini tabia yake kwa endotheliamu ni ya kuvutia. Kupitia vipokezi vya beta huongeza ndani ya seli kemikali iitwayo AMP mviringo, na kemikali hiyo hukaza viungo kati ya seli moja na jirani yake. Mlango wa mbele unafungwa vizuri zaidi. Wenzangu wa famasia, hii ni sehemu ya sababu kwa nini mgonjwa wa mzio mkali, aliyevimba uso na koo baada ya kuumwa na nyuki, huchomwa adrenalini kwanza kabla ya kitu kingine. Inabana mishipa iliyolegea, inafungua njia za hewa, na inaziba uvujaji.

Uvujaji huo unaletwa na nini? Kwa sehemu kubwa, histamini. Guido Majno na George Palade walionyesha mwaka 1961, kwa darubini ya elektroni, kwamba histamini hufungua nafasi kati ya seli za endotheliamu. Lakini soma kwa makini walipoziona nafasi hizo: kwenye vijivena, mishipa midogo inayorudisha damu, si kwenye ateri. Seli za ateri zimeshikana kwa nguvu zaidi. Mtu anayesema "histamini inatoboa mishipa" bila kusema mishipa ipi amesema nusu. Bradikinini ni ya ukoo huo wa kufungua, na ndiyo inayolaumiwa pale mgonjwa wa presha anayetumia dawa za jamii ya kaptoprili na enalaprili anapovimba midomo au ulimi ghafla, kwa kuwa dawa hizo huzuia kimeng'enya kinachoivunja. Ukiliona hilo kwa mzee nyumbani, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Angiotensini II inanisumbua zaidi kuliko zote. Hadithi yake ilianza mwaka 1898, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walipochoma sungura maji ya figo na kuona presha inapanda. Wakaita kitu hicho renini. Leo tunajua renini huanzisha mnyororo unaoishia kwa angiotensini II. Hubana misuli kwa nguvu, huifanya tezi ya adrenali itoe aldosteroni ili chumvi ibaki mwilini, na ikikaa juu kwa muda mrefu huichokoza endotheliamu yenyewe hadi ikalegea na kuanza kuvuja. Yaani inasukuma maji kwa nguvu huku ikidhoofisha mlango unaopaswa kuyazuia. Ubaya wa presha ya miaka mingi uko hapo kwa sehemu kubwa.

Kwa nini tujali milimita moja au mbili za maji kwa siku? Kwa sababu maji hayasafiri peke yake. Chembe za LDL, zinazobeba kolesteroli, zina upana wa nanomita 22 hivi. Molekuli ya maji ina theluthi moja ya nanomita. Maji yanapita kwenye viungo vya kawaida vya seli, LDL nyingi inabaki nyuma. Lakini mahali seli moja inapokufa au kugawanyika, kwa muda kiungo kinalegea, na hapo mkondo wa maji unaingiza LDL ndani ya ukuta kama mto unavyoingiza magogo kwenye tundu la daraja. Zikishaingia, zile nyuzi za nyuma haziziachii zitoke kirahisi. Huo ndio mwanzo wa utando wa mafuta unaoziba mishipa ya moyo. Maji ni gari tu. Mzigo ndio tatizo.

Na endotheliamu si mlango wa mbao unaosubiri kusukumwa. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba kipande cha aota ya sungura hulegea kikipewa asetilikolini endapo tu endotheliamu yake ipo, ukiikwangua, hakilegei. Kilichokuwa kikitolewa na seli hizo kikaja kujulikana kuwa ni gesi ya nitriki oksidi, na Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Damu inayopita kwa kasi juu ya seli huzifanya zitoe gesi hii zaidi. Katika seli za aota ya ng'ombe zilizooteshwa maabarani, msuguano huo wa mkondo huongeza pia upitishaji wa maji. Kwa hiyo safu ileile inapokea amri, inatoa amri, na inapitisha maji, zote kwa pamoja.

Onyo moja la mtihani, nilipite haraka. Vasopresini inaitwa homoni ya kuzuia mkojo, na wengi wakisikia "vasopresini na maji" wanakimbilia akwaporini, zile njia za maji kwenye utando wa seli ambazo Peter Agre alishiriki Nobel ya kemia ya mwaka 2003 kwa ajili yake. Ni kweli kwa figo: kupitia kipokezi cha V2, vasopresini husogeza akwaporini ya 2 hadi juu ya seli na maji yanarudi mwilini. Kwenye ateri kipokezi ni kingine, V1, na kazi yake ni kubana misuli. Endotheliamu ya ateri inayo akwaporini, lakini ni ya 1. Jina la homoni ni moja, kazi mbili, mahali pawili. Mfungaji aliyekaa juani mchana wa Ramadhani anazo zote mbili zikifanya kazi bila yeye kujua.

Sasa mjomba. Amlodipini si homoni. Inaziba njia ambazo kalsiamu hupitia kuingia kwenye misuli laini, yaani inakata hatua ya mwisho ambayo noradrenalini na angiotensini zinaitegemea ili kubana. Inalegeza vijiateri. Vijiateri ndivyo bomba la mwili: kwa kawaida hushusha shinikizo kutoka karibu milimita 85 za zebaki hadi karibu 30 kabla damu haijaingia kapilari. Na kwa kuwa mtiririko hufuata kipenyo kikipandishwa kwenye kipeo cha nne, kijiateri kikitanuka kwa asilimia 10 tu, damu inayopita inaongezeka kwa karibu asilimia 46. Upande wa pili, vijivena, amlodipini haivigusi sana. Mlango wa kuingilia umefunguliwa, wa kutokea umebaki ulivyo. Shinikizo linapanda ndani ya kapilari, na ukuta wa kapilari ni seli moja tu, hauna tabaka la misuli la kuusaidia. Maji yanatoka hapo, kwa ile mizani aliyoieleza Ernest Starling mwaka 1896, kati ya shinikizo linalosukuma nje na protini za damu zinazovuta ndani.

Hilo ndilo jibu la swali la mwenzangu. Maji ya miguu ya mjomba hayakupita kwenye ukuta wa ateri. Ateri ililegea, maji yakatokea mbele yake, kwa jirani. Na mwili wake haukuwa na maji ya ziada hata kidogo, ndiyo maana dawa ya kukojosha ilimkausha bila kugusa uvimbe. Ushauri wangu ulikuwa wa kumfukuza mwizi kwenye nyumba ambayo hakuingia.

Kliniki walimpunguzia amlodipini hadi miligramu 5 na kumwongezea losatani, ambayo huzuia angiotensini II isishike kipokezi chake. Dawa ya jamii hiyo hulegeza pia upande wa vena, kwa hiyo mlango wa kutokea nao unafunguka na shinikizo la kapilari linashuka. Tafadhali, asiichukue mtu makala hii akabadilishe dawa za mzazi wake. Mimi nilishafanya hivyo kwa simu na mmeona.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwomba radhi. Nilimchorea yote haya nyuma ya risiti ya saruji. Akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akauliza: "Haya, daktari. Kama dawa ilifungua mabomba ya mwili mzima, mbona mikono haikuvimba?"

Nikamwuliza anasimama saa ngapi dukani. Akasema tangu kumi na mbili asubuhi hadi Magharibi, ukiondoa swala na chakula. Nikapima kwa futi yake mwenyewe ya kuuzia mabomba kutoka usawa wa moyo wake hadi kifundo cha mguu: sentimita 124. Nguzo ya damu ya urefu huo, mtu akisimama bila kutembea, inaongeza karibu milimita 96 za zebaki kwenye mishipa ya kifundo cha mguu. Mkono ukining'inia haufiki hata nusu yake. Aliitazama ile futi kwa muda, akamwita kijana wa dukani, akamwagiza alete stuli kutoka stoo.